Vifaa vya studio ya nyumbani mjini Tanga: nilivyochagua na kwa nini

Wengi wanaotaka kuanza kurekodi nyumbani huuliza kwanza jina la maikrofoni, ilhali jibu la swali hilo limo katika chumba watakachorekodia na katika mtaa chumba hicho kilipo. Mimi hurekodi kasida na taarabu katika chumba kimoja cha nyumba ya familia huku Ngamiani, kando ya barabara ambayo bajaji na bodaboda hupita tangu alfajiri, chini ya paa la bati, na bahari haiko mbali. Kelele, bati, hewa ya chumvi na umeme usio na ahadi ndivyo vilivyonichagulia vifaa, kuliko tangazo lolote la mtandaoni.

Chumba cha matofali ya saruji kilichopigwa plasta, chenye sakafu ya vigae na dirisha la vioo, hurudisha sauti kwa ukali. Piga kofi moja katikati yake: ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka kabla ya kufifia, ujue kila neno la mwimbaji litaingia kwenye rekodi likiwa na mkia huo, na hakuna programu itakayoutoa bila kuiumiza sauti yenyewe. Sauti nene zina tabia nyingine. Katika joto la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 3 huvimbisha noti iliyo karibu na hezi 58, yaani mitetemo 58 kwa sekunde, ambayo ni eneo la gitaa la besi. Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana huvimbisha noti ileile.

Dawa inayopendwa mitaani ni trei za mayai. Nimeziona zimebandikwa ukutani katika studio nyingi, nyingine zikiwa zimepakwa rangi ya kupendeza, na kwa macho zinafanana kweli na sponji za studio. Lakini kadibodi ile ni nyembamba mno. Hupunguza kidogo sauti za juu kabisa na kuacha zilizobaki kama zilivyokuwa. Kinachomeza sauti ni kitu kinene ambacho hewa hupenya ndani yake na kusuguana na nyuzi zake, na huku kwetu kitu hicho kimo majumbani tangu zamani: godoro la sufi. Nimesimamisha mawili, moja nyuma ya mwimbaji na jingine ubavuni pake. Ninasisitiza nyuma ya mwimbaji kwa sababu maikrofoni inayosikia upande mmoja humtazama yeye, na kwa hiyo huutazama pia ukuta ulio mgongoni mwake. Kuweka godoro nyuma ya maikrofoni peke yake, kama wengi wanavyofanya, ni kuziba upande ambao maikrofoni tayari haiusikii vizuri.

Godoro, hata hivyo, halizuii kelele za nje. Kinachozuia kelele ni uzito wa ukuta na kuzibwa kwa matundu, na dirisha likizibwa na feni ikizimwa mwezi wa Februari, chumba huwa tanuri. Mwimbaji hutoa beti mbili tukafungua mlango, kisha tukaendelea. Mvua juu ya bati nayo haina kifaa cha kuitibu. Masika yakiingia, kuanzia Machi hadi Mei, mimi hupanga kazi za kuhariri na kuwaomba waimbaji wasubiri siku kavu.

Hapo ndipo swali la maikrofoni linapokuwa na maana. Maikrofoni za kondensa, zenye utando mwepesi sana, husifiwa kwa kunasa kila kitu, na sifa hiyo ndiyo taabu yake mtaani kwetu, kwa sababu katika kila kitu hicho imo bajaji na imo sufuria ya jirani. Maikrofoni ya dainamiki ina utando mzito zaidi uliogandishwa kwenye koili, haina wepesi wa kunasa vitu vya mbali, na hufanya kazi vizuri mdomo ukiwa karibu. Ukaribu wenyewe ni silaha: umbali kati ya mdomo na maikrofoni ukipunguzwa kwa nusu, sauti ya mwimbaji hupanda kwa takriban desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) huku kelele za chumba zikibaki palepale. Kwa hiyo kwa sauti za watu nilichagua Shure SM58, ambayo imekuwa sokoni tangu 1966 na ambayo kila mwimbaji wa kasida ameshawahi kuishika jukwaani. Jambo hili la kuishika si dogo. Ustadhi aliyezoea kuimba huku akitikisa kichwa na kusogea, ukimsimamisha mbele ya stendi na kumwambia asitikisike, unamwondolea kasida yenyewe. Mpe maikrofoni mkononi, naye ataibeba pamoja na mdomo wake. Ukaribu huongeza unene wa sauti, lakini hilo hutengenezwa kwa kukata kila kilicho chini ya hezi 80 hivi.

Udi, ile ala ya nyuzi, ni habari nyingine. Sauti yake ni ndogo, na uhai wake umo katika mguso wa risha kwenye nyuzi, mambo ambayo dainamiki huyapoteza. Kwa udi nina kondensa moja ndogo, ninayoiweka kama sentimita 30 kutoka kwenye chombo, ikilenga pale shingo inapoungana na tumbo badala ya tundu, kwa maana tundu hutoa mvumo unaofunika noti. Udi hurekodiwa usiku wa manane, barabara ikiwa imelala. Ukiwa na pesa za maikrofoni moja tu na kazi yako ni kuimbisha watu, nunua dainamiki bila kusitasita.

Hewa ya Tanga haina huruma na kondensa. Unyevu ukiingia kwenye kichwa chake, maikrofoni huanza kukwaruza na kupasua sauti, na chumvi hula vichwa vya kebo visivyo na mchovyo wa dhahabu. Yangu hulala katika kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kukausha unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, ambavyo watu huvitupa.

Kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, yaani saundi kadi, nilikichagua kwa sharti moja lililotangulia mengine yote: kipate umeme wake kutoka kwenye kompyuta kupitia waya wa USB. Kompyuta mpakato ina betri yake. Ikiwa saundi kadi inakula humohumo na msikilizaji anatumia hedifoni, umeme ukikatika katikati ya ubeti mwimbaji hana habari. Kuna faida ya pili. Mvumo wa hezi 50, ule unaosikika chini ya rekodi nyingi za nyumbani, mara nyingi hutokana na waya za umeme wa nyumba zisizo na waya mzuri wa ardhi (earth), nao hutoweka chaja inapochomolewa. Angalia pia nguvu ya kukuza sauti, kwa kuwa dainamiki hutoa umeme mdogo sana: ukuzaji wa desibeli 55 au zaidi unatosha SM58, lakini Shure SM7B, ambayo vijana wengi huitamani kwa kuiona kwenye video, inataka si chini ya 60. Kwa kondensa, hakikisha saundi kadi ina kitufe cha volti 48, umeme ambao maikrofoni hiyo huuhitaji.

Idadi ya matundu ya kuchomekea kwenye saundi kadi hutegemea muziki wako. Anayeimba juu ya biti iliyokwisha kutengenezwa anatosheka na matundu mawili. Taarabu ya Tanga, tangu enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, ilijulikana kwa kikosi kidogo chenye gitaa na gitaa la besi, tofauti na orkestra kubwa ya fidla za Unguja, na kikosi cha namna hiyo kinaingia katika matundu manne: mwimbaji, gitaa, besi na ngoma. Gitaa la umeme na la besi huchomekwa moja kwa moja, kwa hiyo maikrofoni mbili zinatosha kwa watu wanne. Nilichukua ya matundu manne, na sijatamani nane.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio lote na zilizofungwa nyuma, la sivyo biti huvuja na kuingia kwenye maikrofoni. Sony MDR-7506 ninazozitumia zimekuwako tangu 1991, na vipuri vyake, hasa zile ngozi za masikioni ambazo jasho letu huzimaliza upesi, hupatikana. Spika za studio sikununua mwanzoni. Katika chumba kidogo kinachovimbisha besi, spika ya bei kubwa hukuonyesha tabia za chumba kuliko za wimbo, na wasikilizaji wangu wengi husikiliza kwa spika ya simu, ambayo sauti nene haina kabisa. Kila ninapomaliza kuchanganya huusikiliza wimbo kwenye simu: gitaa la besi likipotea, huongeza sauti zake za juu kidogo badala ya kulipandisha lote.

Programu za kurekodia kwenye kompyuta hazihitaji maneno mengi. Reaper hujaribiwa bure kwa siku 60, leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, nayo haichoshi kompyuta ya zamani. Anayependa FL Studio ahakikishe kwamba toleo analolinunua linarekodi sauti, kwani lile la bei ya chini kabisa ni la kutengenezea biti. Rekodi kwa biti 24 (bit za kidijitali, si biti za muziki), vilele vya sauti vikiishia karibu na desibeli 12 chini ya ukomo ambao sauti ikiupita hupasuka. Dufu likilia ghafla utashukuru nafasi hiyo.

Kuhusu kununua, Tanga maduka ya vifaa hivi ni machache na mzigo mwingi hutoka Kariakoo, ambako SM58 za bandia zimejaa. Ile halisi ina uzito wa gramu 298 bila kebo, na nyingi za bandia ni nyepesi. Mtu wako aliyeko Dar es Salaam aende na mizani ndogo ya jikoni, aipime dukani kabla ya kulipa, na amwombe muuzaji aichomeke ili asikilize. Risiti iandikwe jina kamili la bidhaa na namba ya muuzaji, kwa sababu kurudisha kitu kutoka Tanga ni nauli ya basi kwenda na kurudi.