Shangazi na leso ya mkwe

Leo nimempeleka shangazi Biashara Street, Mombasa, kununua leso. Binti yake anaolewa, na mama wa bwana harusi lazima apelekewe zawadi.

Mimi nikaipenda doti moja ya kijani. Kitambaa kizito, pindo safi, bei nafuu. Nikadhani tumemaliza.

Shangazi rangi hata hakuitazama. Kidole moja kwa moja kwenye jina, yale maneno yaliyochapwa kwenye leso, akasoma polepole: "Hasidi hana sababu."

Akaikunja vile vile ilivyokuwa, akamrudishia muuzaji kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hii nikimpelekea mkwe, maneno yataanza kabla ubani haujafukizwa."

Muuzaji wala hakushangaa. Akaanza kutusomea majina, moja baada ya jingine. Bei hakuitaja hata mara moja!

Mwisho tukachukua ya zambarau, rangi ambayo shangazi mwenyewe haipendi, tena ghali zaidi. Lakini jina lake ni dua.

Na kisutu, ile leso ya jadi ya bibi harusi, je? Hicho hakikujadiliwa. Kiliwekwa mfukoni tu.

Nimempenda zaidi shangazi leo. Fedha ni zake, lakini alinunua akifikiria moyo wa mwenzake.

Kwenu leso ya mkwe huchagua nani? Na jina gani mliwahi kulirudisha dukani? Niambieni.