Tulivyoacha kuzima taa usiku wa Halloween

Halloween ni usiku ambao watoto wa huku Marekani huvaa mavazi ya kuigiza na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, na nyumba iliyozima taa hawaibishii hodi. Mwaka wetu wa kwanza hapa jimbo la Minnesota tulizima taa. Dada mmoja tuliyekuwa tukisali naye alinipigia simu mara mbili kunionya: hiyo ni siku ya mashetani, fungeni milango, watoto walale mapema. Nikamsikiliza. Tarehe 31 Oktoba jua huku linazama saa 12 na dakika chache, kwa hiyo tulikaa gizani muda mrefu sana, watoto watatu wamebanana kwenye kochi, na nje tunasikia vicheko vya wanafunzi wenzao wakipita. Binti yangu wa katikati, wakati huo ana miaka 6, akaninong'oneza: "Mama, kwani tumekosa nini?" Swali hilo lilininyima usingizi.

Kesho yake nikampigia mama yangu Muheza. Alikuwa ametoka kanisani, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nikamsimulia habari za maboga, mishumaa na watoto wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Akauliza, "Hao watoto wanaiba?" Nikamwambia hapana mama, wanabisha hodi, wanapewa pipi, wanashukuru, wanaondoka. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa hodi inajibiwaje, mwanangu, si kwa karibu?" Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata jina la Halloween limetokana na mkesha wa sikukuu hiyohiyo aliyotoka kuisali, na kwamba mchezo wa kuchonga uso kwenye boga liwe taa uliletwa Marekani na Waairishi, ambao kwao walikuwa wakichonga tanipu, mboga ya mizizi. Ningeyajua hayo mapema, nisingewaweka wanangu gizani.

Mwaka uliofuata nikajiandaa, na boga ndilo lililonitoa jasho. Mwenzangu wa kazini aliniambia ninunue mapema yasije yakaisha. Nikanunua katikati ya Oktoba, kubwa kabisa, dola 8 au 9 hivi, tukalichonga siku hiyohiyo na kuliweka ndani karibu na dirisha, mahali penye joto. Siku ya nne likaota ukungu mweusi mdomoni. Siku ya sita uso umeporomoka, jicho moja limeingia ndani, na sebule nzima inanuka kama pipa la taka. Mtu mwingine akashauri nilipulizie dawa ya nywele. Nikapulizia karibu kopo zima, likazidi kuoza huku linang'aa. Tukalitoa barazani, na asubuhi tukakuta kindi wawili wamelivamia, mmoja ametoa kichwa kwenye tundu la jicho, anatafuna mbegu na kututazama. Kitinda mimba wangu alilia siku nzima, maana ule uso aliuchora yeye.

Sasa hivi maboga yangu majirani wanakuja kuyapiga picha. Boga zima, ilimradi halijatobolewa na halijapigwa na baridi ya kugandisha, linakaa barazani wiki mbili tatu bila shida. Nalichonga tarehe 30 jioni, si kabla. Na silikati juu, nalikata kitakoni. Ukikata juu, kifuniko hunywea na kutumbukia ndani. Ukikata chini, unaweka mshumaa wa betri sakafuni na kulifunika boga juu yake, basi. Ndani nakwangua kwa upawa wa chuma mpaka upande wa uso ubaki na unene wa kidole, la sivyo mwanga hautoki. Kisha nalisuuza kwa maji yenye jiki kidogo, nalikausha, na kila palipokatwa napaka mafuta ya mgando, haya haya ya kupaka watoto. Mwisho nanyunyiza unga wa pilipili kwa nje. Kindi akionja mara moja, kwangu huwa harudi. Ndege hawasikii ukali wa pilipili, lakini ndege hawajawahi kunisumbua. Watoto waonywe tu wasilishike halafu wakajifikicha macho.

Nyama ya boga hilo kubwa usijaribu kuipika. Mimi niliipikia futari, ikawa maji matupu na nyuzi. Yapo madogo, mazito, yanauzwa kwa ajili ya pai za maboga wanazooka Wamarekani. Hayo yakiingia kwenye tui la kopo na iliki utadhani uko Tanga. Mbegu zote tunakaanga na chumvi.

Mavazi nayo yalinifundisha. Mwaka huohuo wa boga lililooza nilinunua vazi la dukani la binti, dola 30 na kitu. Baridi ikawa kali, nikamvalisha koti juu, na hakuna aliyeliona vazi. Alirudi ameinamisha kichwa. Mzee jirani yetu akaniambia huku kila mzazi analijua hilo, akanisimulia dhoruba ya mwaka 1991: theluji ilianza siku ya Halloween yenyewe, haikukatika mpaka tarehe 3 Novemba, na Minneapolis ilipata zaidi ya sentimita 70. Watoto wake walizunguka na mabuti.

Basi nikatoa cherehani. Nilimsimamisha kila mtoto akiwa amevaa koti lake la baridi, kofia na glavu, ndipo nikapima. Vazi likaja juu ya koti, si chini. Mkubwa akawa Fisi, kitenge cha kahawia chenye madoa, mgongo nimeutia sponji ya mto wa zamani ili uinuke mabegani. Binti akawa Sungura. Masikio nilikata kwenye boksi la nafaka za asubuhi, nikayavika kitambaa na kuyashona kwenye kofia yake ya sufu. Mdogo akawa Kobe, na koti lile nene likalijaza gamba likatuna lenyewe bila mimi kuongeza chochote. Nilijivunia kazi ile, na mpaka leo najivunia. Kila mlango walioubisha waliulizwa ninyi ni nani, na Sungura alikuwa na majibu marefu.

Jambo moja ningependa mtu angeniambia: usitoe chakula cha kupika mwenyewe mlangoni. Nilitengeneza kashata za karanga, mama mmoja akanirudishia kwa upole, mwanawe akila karanga anavimba koo. Siku hizi natoa pipi zilizofungwa kiwandani, na pembeni naweka boga lililopakwa rangi ya bluu-kijani, alama kwamba nyumba hii ina penseli na vichezeo kwa watoto wasioweza kula pipi.

Saa 2 usiku wanangu wanarudi, pua nyekundu. Mzee jirani anakuwa ameshakaribishwa futari. Tunazima taa za ndani, boga moja tunaliweka katikati ya sebule, taa ya mlangoni inabaki inawaka. Mwaka jana baba watoto ndiyo kwanza ameanza, "Paukwa!", nasi tumeitikia "Pakawa!", mlango ukagongwa na wachelewaji wawili. Binti yangu akaruka kutoka kwenye kochi, masikio ya sungura yamemlalia upande mmoja, akakimbilia mlangoni huku anaita kwa Kiswahili, "Karibuni! Karibuni!"