Nilivyovuka mlima wa Bernina kwa treni ya kawaida

Malindi hatuna reli. Mwenye haja ya treni hushika matatu hadi Mombasa, kama kilomita 120, kisha aende Miritini. Ndiyo maana niliporudi na kusema kwamba nimevuka milima ya Alpi kwa treni, kutoka Italia hadi Uswisi na kurudi siku ileile, watu waliniuliza kwanza pesa nilizitoa wapi. Naeleza hapa nilivyofanya, kwa sababu mji wetu umejaa watu wenye ndugu na wakwe Italia, na wengi huenda wakarudi bila kujua kwamba njia hii wanaifikia bila taabu.

Mdogo wangu ameolewa Lecco, mji ulio kwenye ncha ya ziwa Como, kaskazini ya Milano. Alipojifungua nilikwenda kumlea mpaka atimize arobaini yake. Viza niliiombea Nairobi kwa barua ya mwaliko ya shemeji, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000 na hesabu za duka langu la kushona. Linalofaa kujulikana ni kwamba Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen tangu 2008, kwa hiyo viza ileile ya Italia inakuvusha, mradi Italia ndiyo nchi utakayokaa zaidi. Pasipoti unatembea nayo, haikai nyumbani.

Aliyenitia hamu ni ami yangu, ambaye alikuwa karani wa mizigo katika reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901. Aliposikia naenda upande wa Lecco aliniita kwake akanikalisha. "Mwanangu, ukifika huko usirudi bila kupanda reli ya Bernina. Ni ya upana wa mita moja kama yetu, na inapanda mlima bila meno." Meno anayoyasema ni ile reli ya katikati yenye meno, ambayo gurudumu la treni huing'ata ili lisiteleze. Nyingi za milimani zinayo. Ya Bernina haina, na inapanda mita 7 kwa kila mita 100 za mwendo kwa uzito wake na magurudumu yake tu.

Arobaini ilipokwisha salama, ilikuwa mwezi wa nne. Niliamka alfajiri, nikafunga mahamri niliyoyapika usiku kwa iliki ya kutoka nyumbani, nikavaa soksi za sufi na koti la mdogo wangu juu ya buibui, nikajizungushia kanga shingoni. Treni ya Tirano, mji wa Italia wa mpakani ambako reli ya Bernina inaanzia, inapita Lecco kiasi cha saa moja asubuhi. Inafuata ukingo wa ziwa hadi Colico, halafu inaingia bonde la Valtellina, mizabibu imepandwa kwa ngazi mlimani, na kabla ya saa tatu umefika.

Tirano ina stesheni mbili zinazotazamana, ya Kiitaliano na ya treni nyekundu za Uswisi. Hapo ndipo penye kuamua. Wageni wengi hupanda treni ya fahari yenye vioo vinavyopanda hadi darini. Hiyo lazima uweke nafasi mapema na kuilipia kando ya tiketi, kisha unakaa kiti ulichopewa. Treni ya kawaida inapita reli hiyohiyo, madaraja hayohayo, na haina haja ya kuweka nafasi. Unakata tiketi, unapanda, ukitaka unahamia dirisha la upande wa pili, ukitaka unashuka njiani na kungoja inayofuata. Mimi naona ya kawaida ndiyo bora, hata kwa mwenye pesa, maana njia hii inapindapinda hata uzuri unahama kulia na kushoto kila dakika, na aliyefungwa kwenye kiti kimoja anakosa nusu yake.

Nilikuwa na nafasi ya saa nzima, nikatembea hadi kwenye kanisa kubwa la Madonna. Treni inakatiza uwanja wa mbele yake, barabarani kabisa, katikati ya magari na waenda kwa miguu. Nilitazama huku na huku, nikainama, nikatoa tepu yangu ya kushonea mkobani na kuilaza kutoka ukingo wa ndani wa chuma kimoja hadi wa pili. Sentimita 100 kamili. Nilimpigia ami simu palepale. Alicheka kwa furaha, akasema, "Basi jua kwamba yetu ya Timboroa iko juu kuliko hiyo yao." Ni kweli. Kituo cha juu cha Bernina kina mita 2,253 juu ya bahari, na reli ya kwetu inayokwenda Uganda inapita zaidi ya mita 2,700 huko Timboroa, kwa upana uleule wa mita moja. Sikuwa nimelifundishwa hilo shuleni, na ninatamani kila mtoto wa Kenya alijue.

Treni iliondoka saa nne, na dakika chache baadaye tulikuwa Uswisi. Mbele kidogo ya mpaka ndipo lilipo daraja la Brusio. Bonde ni jembamba, na reli inatakiwa ipande haraka, basi wajenzi waliizungusha peupe, uwanjani, kama mtu anayekunja kilemba. Unapita kwanza chini ya tao moja la daraja, unazunguka duara zima, kisha unajikuta juu ya daraja lilelile ulilopita chini yake. Matao yake ni tisa, ya mawe. Nilikaa behewa la nyuma kwa makusudi, nikawaona wenzangu wa behewa la mbele wakipinda juu yangu, mtoto mmoja amebandika kiganja kwenye kioo.

Kando yangu alikuwa mama mtu mzima na kikapu cha sokoni, anarudi Poschiavo. Bonde hilo ni la Uswisi lakini watu wake husema Kiitaliano, kwa hiyo Kiitaliano changu cha kuuzia nguo Malindi kilitosha. Aliniuliza kama kwetu kuna milima, nikamwambia kwetu kilima kirefu ni chungu ya mchanga wa pwani ya Mambrui. Alinionyesha tulipopita ziwani, tulipopita katikati ya nyumba za Le Prese, na mabehewa ya mizigo yaliyofungwa nyuma yetu. Hilo ndilo lililonigusa kuliko theluji. Njia hii iliingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2008, pamoja na ya Albula inayofuatana nayo, na bado ni gari la watu kwenda sokoni na watoto kwenda shule. Sisi wa pwani tunalielewa jambo hilo, kwa kuwa Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa mwaka 2001 na watu wanaishi ndani yake, punda wanabeba mawe ya kujengea mtaani. Urithi unaotumika una nguvu ambayo jumba la makumbusho halina.

Baada ya Poschiavo ndipo kupanda kwenyewe kulipoanza. Mji ulikuwa pale chini dirisha la kushoto, ukatokea dirisha la kulia ukiwa mdogo zaidi, ukarudi kushoto paa zake zikiwa kama kokoto. Treni inatumia umeme tangu ilipofunguliwa kwa vipande kati ya 1908 na 1910, na umeme wenyewe ulitoka kwenye maji ya bonde hilohilo. Hakuna moshi, unasikia magurudumu tu yakikwaruza kwenye kona. Miti ilikwisha, ikaja theluji, kwanza viraka, kisha nyeupe tupu hadi juu ya kingo za reli.

Kwenye kituo cha juu, Ospizio Bernina, kuna ziwa liitwalo Lago Bianco, siku hiyo limefunikwa lote kwa barafu. Maji ya upande huu yanateremka Poschiavo, yanaingia mto Adda pale Tirano, na Adda unapita ziwa Como na kutokea Lecco, mlangoni kwa mdogo wangu. Maji ya upande wa pili, hatua chache kutoka hapo, yanakwenda Danube na kuishia Bahari Nyeusi. Kichwa kilikuwa chepesi kidogo kwa urefu, kwa hiyo nilikaa, nikanywa maji, nikavuta pumzi polepole. Anayetoka usawa wa bahari asikimbiekimbie pale.

St. Moritz, mwisho wa reli hiyo, ni mji wa matajiri. Nilikula mahamri yangu kwenye benchi, nikageuka na treni ya mchana.

Wakati wa kurudi nilishuka Alp Grüm, kwenye mita 2,091. Barabara ya gari haifiki, unafika kwa treni au kwa miguu. Nilitawadha kwa maji ya uvuguvugu msalani mwa stesheni, nikatafuta pembe iliyokingwa na upepo, nikatandika kanga. Malindi tunaelekea kaskazini. Pale kibla ni kusini-mashariki, karibu upande wa lile bonde tulilopandia, kwa hiyo nilisali adhuhuri na alasiri, nimezipunguza na kuzijumuisha kama msafiri, mbele yangu ardhi imeanguka zaidi ya mita elfu moja hadi Poschiavo. Mfanyakazi mmoja wa stesheni alisimama mbali na koleo lake la theluji mpaka nilipotoa salamu, ndipo akaendelea kukwangua.

Kwa atakayekwenda, tiketi ya treni nyekundu nililipia yuro pale Tirano, sikubadilisha faranga. Chakula beba chako, Uswisi ni ghali. Ukishuka njiani, tazama kwanza ratiba ya treni inayofuata, na hakikisha unaiwahi ya jioni ya kurudi Lecco, kwa sababu treni za Tirano si za kila dakika. Mama naye anataka kwenda kumwona mjukuu. Nimemwambia mdogo wangu amwite Julai, maana kiangazi huwa wanaunganisha kwenye baadhi ya treni za kawaida mabehewa ya manjano yasiyo na paa, na mama hapendi kutazama kitu kupitia kioo.