Sauti ameruhusiwa, kosa hajaruhusiwa

Nilipokuwa mwajiriwa Tanga nilijua mapema kwamba neno la mwanamke kikaoni husubiri mwanamume alirudie ndipo liandikwe, lakini rangi yangu haikuwahi kuwa hoja, kwa kuwa mle ndani sote tulikuwa weusi. Nilipohamia Marekani na baadaye kukabidhiwa timu ya wahasibu, nilidhani nitabeba mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Haikuwa hivyo: jinsia na rangi vikichanganyika hutoa kitu cha tatu, ambacho mwanamke mweupe hakijui na mwanamume mweusi hakijui.

Sheria ya Marekani yenyewe ilishindwa kukiona. Emma DeGraffenreid na wenzake wanne waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors, ambayo haikuwa imeajiri wanawake weusi kabla ya mwaka 1964. Uchumi ulipodorora katika miaka ya 1970, watu wakapunguzwa kwa kanuni kwamba aliyeingia mwisho ndiye atokaye kwanza, na bila shaka msomaji anajua ni nani walikuwa wameingia mwisho. Mwaka 1976 mahakama ya shirikisho huko Missouri ilisema kampuni ilikuwa ikiajiri wanawake tangu zamani (ndiyo, weupe), na ikakataa dai la rangi na dai la jinsia yaunganishwe kuwa dai moja. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliirejea hukumu hiyo mwaka 1989 na kuonyesha jinsi wanawake hao walivyotoweka katikati ya makundi mawili ambayo yote ni yao.

Katika uongozi jambo hili lina sura isiyotarajiwa. Tafiti mbili zilizotoka mwaka 2012, ambazo Ashleigh Shelby Rosette na Robert Livingston walishiriki zote, zilinifanya nielewe mengi ya ofisini kwangu. Ya kwanza ilionyesha kwamba kiongozi mwanamke mweusi akisema kwa ukali haadhibiwi kama anavyoadhibiwa mwanamke mweupe au mwanamume mweusi. Ya pili ilionyesha kwamba kampuni ikianguka mikononi mwake, yeye hulaumiwa kuliko wote wawili.

Ndiyo maana taarifa ya fedha ikitoka kwangu nimeikagua hadi walio chini yangu wamechoka, na sioni sifa katika uangalifu huo, kwa sababu unanigharimu. Asiye na ruhusa ya kukosea haombi mradi wenye hatari, na miradi ya namna hiyo ndiyo inayompandisha mtu cheo. Mwisho wa mwaka bosi anaandika kwamba kazi yake ni safi ila hathubutu. Ursula Burns aliingia Xerox mwaka 1980 akiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, akawa mkurugenzi mkuu mwaka 2009, mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mojawapo ya makampuni 500 makubwa ya Marekani. Kati ya kupanda kwake na kupanda kwa watakaomfuata zipo tathmini nyingi za aina hiyo.

Mimi nimeomba jambo moja kazini: anayeandika kosa langu kwenye tathmini aandike pia kosa kama hilo lilipofanywa na mwingine lilichukuliwaje. Bado sijajibiwa.