Wasiwasi wa kesho nimeupangia saa

Mimi ni fundi wa kuchomelea, naishi Ngamiani, Tanga. Kwa muda sasa riziki yangu inatoka Chongoleani, pale ambapo bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, linamalizia safari yake ya kilomita 1,443. Tangu jiwe la msingi lilipowekwa mwaka 2017 mji mzima umekuwa ukizungumzia neema, nami sikatai, nimeionja. Lakini ujenzi una mwisho. Bomba likishaanza kupitisha mafuta, wachomeleaji kibao kama sisi tutakuwa tunafanya nini pale? Mkataba wangu ni wa miezi michache michache, na kila unapokaribia kuisha usingizi unanikimbia.

Naamka saa nane usiku moyo unakwenda mbio na kichwa kimeshafika mbali: kazi imeisha, ada ya mtoto haijalipwa, mwenye nyumba yuko mlangoni, tumefungasha virago tunarudi Muheza kwa wazee, mke wangu kanuna njia nzima. Muda mfupi tu maisha yameshaharibika yote, na mimi bado niko kitandani na kazi ninayo.

Nilidhani ni presha. Zahanati wakanipima, wakaikuta sawa. Tabibu akaniuliza nakunywa kahawa kiasi gani. Nikacheka. Mtu wa Tanga unamuuliza habari ya kahawa? Baada ya isha tuko barazani na kashata, vikombe nani anavihesabu. Akanieleza kwamba kafeini ya kahawa uliyokunywa saa mbili usiku, karibu nusu yake bado imo mwilini saa saba. Ya usiku nikaiacha, ya asubuhi hainitoki. Moyo ulitulia kiasi, ila mawazo yalibaki palepale.

Kila niliyemwambia alinijibu, "Mwachie Mungu." Nashukuru, na naswali, lakini hakuna aliyeniambia nimwachie lipi na mimi nibaki na lipi. Aliyenifungua macho ni mjomba. Yeye alikuwa kwenye korona, mashine ya kuchambua mkonge, miaka ambayo zao lenyewe lilikuwa linakata roho. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani kama 230,000. Kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakaishia kuwa pori. Nikamuuliza alikuwa analalaje.

"Silali, mjomba," akanijibu. Sisi tunaitana hivyo hivyo. "Lakini bei ya mkonge inapangwa Ulaya huko, mimi ningeifanya nini? Nilikuwa na jembe na shamba la mihogo. Nikashika jembe."

Nikanunua daftari. Wazo likinijia kazini au kwenye daladala, naliandika kwa mstari mmoja, basi. Saa kumi na moja na nusu jioni nakaa uani na daftari langu, kama nusu saa, ndiyo saa yake. Si ubunifu wangu: mwaka 1983 Thomas Borkovec, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu njia hii, watu wakipewa nusu saa maalumu ya kuhangaika na kutakiwa kuahirisha hangaiko lolote mpaka muda huo ufike. Wasiwasi ni kama mdai. Ukimkimbia anakufuata mpaka msikitini, ukimpa ahadi ya saa na ukaitimiza, anakuacha upumue. Ila uitimize kweli. Jioni ukipuuza kukaa, usiku anarudi.

Jioni kila mstari naupa swali moja: kuna cha kufanya wiki hii? "Bomba likiisha mapema" hakuna, naukata, huo ndio wa kumwachia Mungu. "Sina cheti" upo wa kufanya. Ufundi nimejifunzia gereji, sina karatasi hata moja, nikaenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kuuliza, nikakuta kuna utaratibu wa kumpima na kumrasimisha fundi aliyejifunzia mtaani. "Kazi ikikoma tutakula nini" una sehemu mbili. NSSF ina fao la upotevu wa ajira, na sharti mojawapo ni kuwa umechangia angalau miezi 18. Nikaenda kuangalia kama michango yangu inaingia. Sehemu iliyobaki nikaikata. Mistari mingine ifikapo jioni inachekesha tu. Kuna siku niliandika "nikipofuka". Nani kasema napofuka? Miwani ya kazi ninayo na naivaa.

Usiku nikishtuka, sibaki kitandani nikigombana na godoro. Nakaa ukumbini, taa kubwa siwashi, navuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta, mpaka moyo utulie. Simu haiji ukumbini.

Hayo ni ya wasiwasi wa kiasi changu. Mtu anayehangaika karibu kila siku kwa miezi, kazi zimemshinda, chakula hakipiti, au anaona afadhali asiwepo, huyo si wa daftari. Apelekwe hospitali, Bombo au yoyote iliyo karibu, na asiende peke yake.

Kilichonishinda kwa muda mrefu kilikuwa kundi la WhatsApp la mafundi. Kila usiku mtu anarusha sauti ya dakika tatu: nimesikia kwa mtu wa ofisini, wanapunguza watu, orodha imeshatoka. Orodha yenyewe hakuna aliyeiona. Nimelinyamazisha, nalifungua hiyo hiyo saa kumi na moja na nusu. Msimamizi wetu namba yangu anayo, na kila mara mkataba ulipoongezwa amenipigia mwenyewe.