Zipu za Kariakoo ndizo zilinitoa ndani

Kama kuna maneno ningependa yapigwe marufuku nyumba yenye mzazi ni haya: "Mshukuru Mungu, wenzio wanatafuta hata wa kusingiziwa." Nimeambiwa na shangazi, na wifi, na jirani aliyeleta sabuni, hata na kijana wa kuleta maji. Namshukuru Mungu sana tu. Na bado nilikuwa naingia bafuni, nafungua bomba lipige kelele, nalia.

Mimi ni fundi cherehani, Tandika. Zamani mtu akinipigia simu anataka gauni, au anakuja kunigombeza gauni halijaisha. Nilipojifungua, simu zote zikawa za kumuuliza mtoto. Mgeni anapita moja kwa moja kitandani kumfunua mwenye nyumba mpya, mimi nasukumiwa uji wa pilipili manga: kunywa, maziwa yatoke. Na huyo mtoto mwenyewe nilikuwa namwogesha na kumnyonyesha kama wa mtu niliyeachiwa nimwangalie. Yale mapenzi niliyoahidiwa yatanivaa nikimwona tu, nikayasubiri weee.

Dada mmoja akanishauri nirudi kazini, eti mawazo yanataka kazi. Walioajiriwa sheria inawapa likizo ya siku 84, na 100 kwa wa mapacha. Sisi wa cherehani likizo yetu inategemea mwenye pango. Nikarudi mapema, usingizi sina, nikapokea sare za wasimamizi wa harusi, kitambaa cha kung'aa kile cha kuteleza. Nikashona hadi usiku, najisifu moyoni kwamba nimerudi mimi. Kuja kujaribisha, gauni la kwanza mikono yote miwili ya kushoto. La pili hivyo hivyo. Binti wa watu kasimama mbele ya kioo, bega moja limekaa, la pili limevimba, ananiangalia. Kitambaa nikanunua upya kwa hela yangu, kama elfu themanini na kitu, na cherehani nikaifunika shuka.

Basi nikabuni ujanja, na huu najisifia. Mama mkwe alikuwa haniruhusu kutoka bila sababu, arobaini imeisha lakini yeye anaongezea yake. Nikamwambia, "Mama, nimeishiwa zipu, nafika Kariakoo mara moja." Zipu ni kazi, hakuwa na la kusema. Nikanyonyesha, nikamkabidhi mjukuu wake, nikapanda daladala. Konda akanipigia kelele, "Dada, sogea nyuma huko, kuna nafasi!" Jamani! Nilisogea natabasamu peke yangu. Hakuna anayejua nimezaa, hakuna anayeniuliza kama maziwa yanatosha. Nimebanwa, mtu ana kuku miguuni, na mimi naona raha.

Nikashuka Kariakoo, nikanunua zipu moja, nikazunguka kidogo kushika vitambaa nisivyonunua, nikarudi. Nauli na zipu haikufika elfu tatu. Karibu na nyumbani mtoto wa abiria mwingine akaanza kulia, na maziwa yangu nayo yakaitikia: madoa mawili mbele ya blauzi, yanapanuka. Mama wa kiti cha pili akavua mtandio wake akanitupia begani bila kusema neno. Tangu hapo natembea na khanga kwenye mkoba. Zipu nazo zikawa nyingi, hadi leo nina za rangi ya chungwa ambazo hakuna mteja anazitaka.

Ila zipu peke yake isingetosha, nisidanganye mtu. Kliniki ya chanjo, mtoto kapimwa uzito, kadi imejazwa, nesi akaniuliza: na wewe, mama, unalala? Nikajibu nalala. Akaniangalia. Akauliza tena, mtoto akilala na wewe unapata usingizi? Hapo nikaanza kulia mbele ya foleni nzima. Akaniweka pembeni, akaniuliza mengine, pamoja na kama nimewahi kuwaza kujidhuru. Akanieleza kwamba kilio cha siku za mwanzo huwapata wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Kikizidi hapo, hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na ina matibabu, mazungumzo au hata dawa, na zipo za kutumia huku unanyonyesha. Shirika la Afya Duniani linasema kwa nchi zetu hizi karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Kwenye foleni ile ya benchi sijui tulikuwa wangapi, kila mmoja kajifunga khanga yake na jibu la nalala.

Nikawa naenda kwa mshauri, mume wangu safari nyingine ananisindikiza. Alikuwa na maneno machache, lakini alijifunza kuamka usiku, na kumcheulisha mtoto ananishinda. Mapenzi ya mwanangu sijui yaliingia lini. Nilikuja kujikuta tu nimemkatalia wifi kumbeba, namwambia ana kucha ndefu.

Siku hizi nikienda kumwona mzazi naanza na vyombo vyake, mtoto baadaye. Juzi jirani ametimiza arobaini, mama yake kakaa mlangoni kama askari. Nikamwambia, "Shikamoo mama, namwomba binti yako anisindikize Kariakoo, nimeishiwa zipu."