Miaka Kumi ya Anas

Assalaamu alaykum, ndugu zangu.

Ukipita mitaa yetu ya Wete baada ya laasiri utawakuta barazani, vijana waliomaliza mtihani wa kidato cha nne, wanasubiri matokeo. Sare za skuli washavaa wadogo zao. Wanafunzi si wanafunzi tena, na sisi wakubwa bado hatujawahesabu kuwa wenzetu.

Nikiwaona namkumbuka Anas bin Malik, Allah amridhie. Mama yake, Ummu Sulaym, alimpeleka kwa Mtume (S.A.W.) akiwa na miaka kumi, akamtumikia mpaka Mtume alipofariki, Anas akiwa na ishirini. Umri huu huu unaotutoa jasho wazazi aliumaliza nyumbani kwa Mtume. Anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba muda wote huo hakuambiwa hata "uff", wala "kwa nini umefanya hili?"

Na Anas naye alikuwa kijana kama vijana. Siku moja alitumwa, akajibu, "Wallahi siendi," na moyoni anajua atakwenda. Akawakuta watoto wanacheza sokoni. Mara akashikwa shingoni kwa nyuma. Kugeuka, ni Mtume, anacheka. "Ewe Unays, umekwenda nilikokutuma?" Akasema, "Naam, naenda, ewe Mtume wa Allah."

Unays ni Anas kwa jina la kudekezwa. Hakutumwa mwengine badala yake. Kazi ilibaki yake.

Mimi nilikuwa mbali na mwendo huo. Mwanangu alipomaliza skuli, kila akiingia ndani namuuliza kwa ukali, "Sasa wewe mipango yako nini?" Akawa anarudi nimeshalala. Msimu ule tulikuwa na karafuu kidogo juu ya majamvi. Nikamwambia, "Baba, hizi nakukabidhi. Zikikauka, zipeleke mwenyewe shirikani uniletee hesabu."

Siku ya pili mvua ikatanda, naye yuko mpirani. Nikaanza kuanua peke yangu, ulimi unaniwasha. Akaja mbio, kifua kinapanda na kushuka, akashika upande wa pili wa jamvi. Nikamfuta uso kwa ncha ya kanga, nikanyamaza. Subhanallah, kunyamaza kule kulikuwa kuzito kuliko kuanua!

Hakuzikosa tena. Siku aliyouza alikaa chini, akatoa risiti mfukoni mwa shati, akanihesabia noti moja moja. Alipomaliza hakuinuka. "Mama, hesabu zilinishinda kwenye mtihani. Matokeo yakija mabaya, nikasome umeme kule kwenye mafunzo ya amali Vitongoji?"

Ummu Sulaym alimwomba Mtume amwombee Anas, naye akamwomba Allah amzidishie mali na watoto, na ambarikie katika alichompa. Usiku ule, baada ya isha, nilibaki kwenye mswala nikaiomba dua hiyo hiyo, nikataja jina la mwanangu.